Nyuzi Nyekundu za Mzee Ramadhani

Kabla hamjaanza kunisahau, na najua mtaanza Jumatatu asubuhi mtu atakapoweka mkoba wake juu ya kiti changu, nimeamua kuwaandikia ninyi mnaobaki maabara. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache, na mishahara sitaitaja kwa heshima ya waliokuwa wakiilipa. Nitawaeleza habari za mikono. Mikono yangu, ambayo ni mizuri kuliko yenu, na mikono ya mtu mmoja ambayo ilikuwa mizuri kuliko yangu. Hilo la pili hamjawahi kulisikia kinywani mwangu, kwa hivyo lisomeni polepole.

Nina diploma moja. Naitaja mapema ili wenye shahada tatu wasijitaabishe kunikumbusha. Kwa diploma hiyo moja nimevuka bahari na kurudi, na wenye shahada tatu wamesimama mlangoni kwangu na mirija yao mkononi wakiuliza, "Mwikali, hii imeharibikia wapi?" Kwa kawaida ilikuwa imeharibikia kwao.

Nilizaliwa Gatina, Kawangware. Wazazi wangu walikuwa wametoka Kitui. Baba alikuwa fundi wa mbao, mama akauza vyakula vya mahindi na maharagwe, githeri na muthokoi, kando ya barabara, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuchambua punje za maharagwe. Nilikaa na ungo magotini, nzima nikizisukuma kushoto, mbovu na vijiwe kulia. Nikiwa darasa la tatu niliweza kutenganisha maharagwe ya nyayo, rosecoco na mwitemania macho yakiwa yamefumbwa. Watoto wenzangu walidai nachungulia. Nilichungulia kidogo tu.

Diploma ya teknolojia ya maabara nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha chupa za maabara ya hospitali. Halafu nikapata nafasi Ulaya, katika maabara iliyochunguza jeni za njegere, katika mji wenye baridi ya kumfundisha mtu kuheshimu supu. Msimamizi wangu huko alikuwa mama mfupi aliyekunywa kahawa kama anayemeza dawa. Alinifundisha mambo mawili kuhusu ile sahani ya plastiki yenye visima tisini na sita ambamo tunaweka vinasaba vya mimea. La kwanza: sahani ina pembe moja iliyokatwa, na pembe hiyo ikae juu kushoto, ndipo kisima cha kwanza kilipo. La pili: kisima cha mwisho usikiwekee mmea, kiwekee maji matupu. Maji yakionyesha chochote, ujue umekosea mahali. Nilikaa naye miaka saba na sikumwona akiruka hayo mambo mawili hata siku moja.

Nikarudi nyumbani na koti refu, pipeti mbili za kupimia matone, zangu mwenyewe, na maoni mengi.

Siku yangu ya kwanza hapa kwenye kituo chetu cha utafiti wa mbegu walinipeleka kwenye nyumba ya vyandarua, mahali mbaazi zinapolelewa zisifikiwe na nyuki. Nilimkuta mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibano mkononi, uso karibu kabisa na ua. Nikamwamkia, kisha nikamweleza kwamba kule nilikotoka kazi hiyo inafanywa kwa miwani ya kukuza.

Hakuinua kichwa. "Umetoka wapi, binti?"

"Ulaya."

"Sikuuliza ulikopitia. Nauliza unatoka wapi."

"Kawangware. Gatina."

"Aa. Basi ni jirani." Akasukuma ndoo nyingine kwa mguu. "Kaa. Na usipumue juu ya ua langu."

Huyo ndiye Mzee Ramadhani wa Makina, Kibera. Babu yake aliletwa Nairobi kutoka Sudan akiwa askari wa Mzungu, na mjukuu, kama mwenyewe alivyopenda kusema, alitoka kwenye bunduki akaingia kwenye kibano. Madrasa alisoma sana, shule kidogo. Tarakimu alizijua vizuri, maandishi marefu aliwaachia wenye nafasi.

Kazi yake ilikuwa kuozesha mimea. Ua la mbaazi lina haraka. Lisipowahiwa linajioa lenyewe kabla halijafunguka. Kwa hivyo asubuhi mapema mzee alichagua tumba ambalo lingefunguka kesho yake, akalipasua kwa kibano, akatoa vifuko vyote kumi vya chavua bila kugusa shingo ya katikati, kisha akalipaka chavua ya baba aliyemchagua yeye. Ukikwaruza, ua linaanguka. Ukisahau kifuko kimoja, umefanya kazi bure na hutajua. Siku yangu ya kwanza niliangusha maua tisa. Mzee aliyahesabu kwa sauti.

Vibandiko vya karatasi hakuviamini, maana vinaoza kwa maji ya kumwagilia. Alitumia nyuzi kutoka kikapu cha ushonaji cha mke wake. Ua aliloliozesha alilifunga uzi mwekundu, ua aliloliacha lijioe alilifunga mweupe. Kwenye ule mwekundu akaweka fundo. Fundo moja maana yake ameridhika. Mafundo mawili maana yake ana shaka: labda mkono ulitikisika, labda kifuko kimoja kilipasuka. Mbegu ikipandwa kwenye chungu, uzi wake ulihamia kwenye shina la mche.

"Kwa nini usitupe tu lile lenye shaka?" nilimuuliza.

"Shaka si kosa, Diploma. Shaka ni habari."

Alianza kuniita Diploma wiki hiyo ya kwanza. Wengine walidhani ananidhihaki, na alikuwa ananidhihaki, lakini mimi nililipokea kama cheo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Mimi nilisaga majani machanga kwenye kinu cha kauri, haraka, kwa sababu jani la mbaazi likichelewa linageuka rangi ya chai ya rangi na vinasaba vyake haviokoleki. Yeye aliniletea gurusa, chapati laini za Kinubi, zimefungwa kwenye kitambaa. Mimi nilimletea muthokoi wa mama. Ijumaa alipokwenda msikitini nililinda maua yake, na akirudi aliyakagua kama mtu aliyemwachia mbuzi jirani asiyemwamini.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, ambayo nimeizunguka miaka yote mlipokuwa mkiniuliza.

Mnajua mnyauko. Mbaazi inasimama vizuri, inatoa maua, halafu inakauka imesimama kama mtu aliyepigwa na habari mbaya. Kule Kitui mama zangu wadogo walipoteza mashamba mawili hivyo. Tulikuwa na mbaazi ya nyumbani, tamu, inaiva upesi, lakini mnyauko unaimaliza. Tulikuwa pia na mbaazi ya mbali ambayo mnyauko hauiwezi, ila ngumu kiasi kwamba ukiiweka jikoni asubuhi unaweza kwenda mazishi na kurudi ukaikuta inakungoja. Mzee Ramadhani aliziozesha hizo mbili msimu mzima. Ilipatikana miche arobaini na minane ya nyuzi nyekundu, na tukachukua arobaini na minane ya nyuzi nyeupe ya kulinganisha. Mimi nilipaswa kusoma vinasaba vya yote ili tujue ni ipi kweli ina baba na mama.

Arobaini na minane mara mbili ni tisini na sita. Ilienea sahani nzima sawasawa, nyekundu nusu ya kwanza, nyeupe nusu ya pili, kila mche kwenye kisima chenye namba ya chungu chake. Kilichokosa nafasi ni kisima cha maji. Nikajiambia kwamba mimi sijawahi kuchafua sahani tangu nirudi nyumbani, maji ni ya wanafunzi. Nikakijaza mche. Sahani zilikuwa za katoni mpya, kutoka kwa muuzaji mwingine. Nikaiweka pembe iliyokatwa juu kushoto kama nilivyozoea, nikajaza visima vyote bila kutikisika, nikaipeleka kwa wenye mashine ya kusoma.

Majibu yalikuja Alhamisi. Niliyasoma mimi mwenyewe mbele ya watu, kwa sauti yangu nzuri. Miche ya nyuzi nyekundu: yote imejioa, hakuna hata mmoja wenye baba. Miche ya nyuzi nyeupe: yote ni chotara, isipokuwa mitatu.

Daktari Achieng', mkuu wetu, si mtu mbaya. Alisema lililokuwa vichwani mwa wote. "Mzee amechanganya nyuzi. Macho yamechoka."

"Nyekundu ni nyekundu, Daktari," Mzee Ramadhani akasema. "Mimi sijachoka kiasi cha kutoijua damu."

"Mzee wangu, hakuna anayekulaumu. Tutakupeleka upimwe macho, utapewa miwani. Lakini kuozesha, tutatafuta mtu mwingine. Mwisho wa mwezi upumzike. Nyekundu zote, na zile tatu za nyeupe, zitang'olewa Jumatatu, tupate nafasi ya hizi chotara."

Mzee akanigeukia. "Diploma, una hakika na hiyo karatasi?"

"Vinasaba havidanganyi, Mzee," nikasema.

Nimesema mambo mengi ya kijinga maishani, lakini hilo nililisema kwa Kiswahili fasaha.

Mzee alikwenda akaketi kwenye ndoo yake mpaka saa ya kutoka, kibano mfukoni. Mbaazi anazipenda, lakini hilo halikuwa lote. Mtu aliyeishi kwa vidole na macho miaka yote hiyo, ukimwambia macho yameisha mbele ya vijana, umemwambia ameisha mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda kwake Makina kumfariji. Nasema kumfariji, ukweli ni kwamba nilitaka aniambie hana neno. Nilipita mtaa wa Raila kwa mguu, nikapandisha hadi karibu na msikiti, nikamkuta kwenye kibaraza. Mke wake, Mama Zena, alikuwa ndani na ungo wa maharagwe magotini. Hakunikaribisha kwa haraka.

"Huyu ndiye Diploma?"

"Ndiye," mzee akasema.

"Nilidhani ni mrefu zaidi, kwa vile anavyosifiwa. Haya, kaa. Mikono yako inajua kuchambua, ama ni ya chupa tu?"

"Mama, mimi nimezaliwa kwenye ungo," nikasema, nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti, ungo katikati. Mzee alizungumza kutoka mlangoni, bila kunitazama.

"Mimi mwenyewe nilitegemea mitatu itakuwa imeharibika. Niliweka mafundo mawili. Chungu cha saba, cha ishirini na mbili, cha arobaini. Lakini yote? Yote arobaini na minane? Hata kipofu angepata moja."

Mitatu. Nililisikia neno hilo likipita, kama unavyosikia jina lako kwenye mazungumzo ya meza nyingine. Mikono yangu iliendelea kuchambua. Nzima kushoto, mbovu kulia, kama Gatina.

"We!" Mama Zena akanipiga kofi la mkono. "We, unafanya nini? Unanichafulia!"

"Nachambua, Mama. Mbovu kulia."

"Kulia kwako! Wewe umenikalia mbele. Kulia kwako ni kushoto kwangu. Mbovu zako zote umezimwaga juu ya nzima zangu!" Akamwita mume wake. "Baba Zena, huyu alisoma wapi? Hajui kwamba mtu akikugeukia, kila kitu kimegeuka?"

Nikautazama ungo. Kazi yangu ilikuwa safi kabisa na yake ilikuwa safi kabisa, na katikati yetu palikuwa na fujo tupu. Halafu ile mitatu ikarudi. Kwenye karatasi yangu, iliyoharibika upande wa nyeupe ilikuwa namba hamsini na saba, sabini na tano, na tisini. Nikahesabu kwa vidole mbele yao kama mtoto. Saba na tisini, tisini na saba. Ishirini na mbili na sabini na tano, tisini na saba. Arobaini na hamsini na saba, tisini na saba. Hivyo ndivyo inavyokuwa sahani ikigeuzwa, mbele ikawa nyuma: cha kwanza kinakuwa cha tisini na sita, cha saba kinakuwa cha tisini.

"Unaumwa?" Mama Zena akauliza.

"Ngoja nifike kituoni mara moja, Mama," nikasema. Nilitoka na ganda la haragwe likiwa bado limeganda kwenye kidole.

Kituoni Jumamosi hapakuwa na mtu ila mlinzi. Nikatoa sahani mpya kutoka ile katoni, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Herufi zimeandikwa ukingoni, ndogo, plastiki juu ya plastiki, lakini zipo. Pembe iliyokatwa haikuwa karibu na A, herufi ya kisima cha kwanza. Muuzaji huyu aliikata upande wa pili kabisa, karibu na kisima cha mwisho. Mimi niliijaza sahani kwa kufuata pembe, wenye mashine wakaisoma kwa kufuata herufi, kama inavyotakiwa. Na kama ningeweka maji kwenye kisima changu cha mwisho, kwao kisima cha kwanza kingetoka kitupu, na hata mlinzi angejua kuna jambo.

Jumapili nilikwenda kanisani Gatina nikamwomba Mungu apate njia nyingine. Hakuwa nayo.

Jumatatu nilifika kabla ya wote, lakini Daktari Achieng' alikuwa ameniwahi, na fundi wa bustani ameshashika chungu cha kwanza. Mzee Ramadhani alisimama pembeni na kofia yake. Alikuwa amekuja kuziona zikitoka.

"Daktari, usizing'oe," nikasema.

"Mwikali, tuliongea Alhamisi."

"Alhamisi niliongea mimi, na niliongea uongo bila kujua. Sahani niliigeuza. Pembe ya hizi mpya iko upande mwingine, sikusoma herufi. Na kisima cha maji sikuweka."

"Hukuweka? Wewe?"

"Sikuweka."

Nyuki walikuwa wakigonga vyandarua kwa nje wakitafuta mlango. Nilimpa zile namba tatu na vyungu vitatu. Daktari akainama mwenyewe kwenye chungu cha saba, akaushika uzi mwekundu kwa kucha. Mafundo mawili. Akaenda cha ishirini na mbili, akaenda cha arobaini. Kisha, kwa kuwa ni mwanasayansi, akakagua vyote vilivyobaki. Fundo moja, fundo moja, fundo moja.

"Rudia sahani," akasema. "Na maji uweke."

Nilirudia, herufi nimezisoma kwa sauti, na mche mmoja mweupe ukakosa nafasi ili maji yapate. Majibu yakaja kama mzee alivyofunga: nyekundu zote chotara isipokuwa tatu zake, na maji yakawa maji. Daktari Achieng' alimwomba Mzee Ramadhani msamaha mbele ya wale wale waliokuwepo Alhamisi. Akamwambia akae kazini mpaka atakapochoka mwenyewe.

"Na ile miwani?" mzee akauliza.

"Utapata ukitaka, Mzee wangu."

"Hapana, mpeni Diploma."

Walicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuanzia wiki ya pili. Jumamosi iliyofuata nilirudi Makina na debe dogo la mbaazi mbichi, nikakaa upande mmoja na Mama Zena, bega kwa bega, na safari hii mbovu zikaenda mahali pamoja.

Mengine mnayajua kwa sababu mmeyala. Wajukuu wa vile vyungu vya nyuzi nyekundu sasa wamesimama kwenye mashamba ya mama zangu wadogo, na mnyauko unapita ukiwaangalia. Mama yangu, aliyekuwa mwamuzi wa mwisho, alizipika, akaonja, akasema zinaiva "si mbaya." Kutoka kwake hiyo ni tuzo.

Siku hizi mnasoma vinasaba vyote vya mmea kwa siku chache, na mlinionea huruma mliponiona nikizisoma herufi za sahani kwa sauti. Mmoja wenu aliniambia, "Mum Diploma, relax, siku hizi kuna barcode, system inajua." Nikamuuliza nani aliyebandika hiyo barcode. Akasema, "Ni mimi." Nikamwambia ndiyo maana nasoma. Kisima cha maji mkitengee nafasi hata kama mche wa mwisho unalia. Mtu mwenye mikono mizuri anakihitaji kuliko mwanagenzi, kwa sababu mwanagenzi hujishuku mwenyewe bila kufundishwa.

Mlinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga, na keki iliyoandikwa jina langu karibu sawasawa. Asanteni. Lakini mliona pia kifurushi kidogo cha kitambaa kilicholetwa na Zena, binti yake Mzee Ramadhani, na mkaniuliza kina nini, nikawaambia ni gurusa. Gurusa zilikuwepo. Chini yake palikuwa na mbegu za mbaazi, konzi moja, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Mzee Ramadhani sasa anatembea kwa fimbo, na kibano amewaachia wajukuu cha kutolea miiba, lakini kufunga anafunga mwenyewe.

Sikuufungua uzi mbele yenu. Nilingoja nikafika Gatina, nikaketi dirishani, nikavaa miwani yangu, ile ambayo mzee aliniombea kabla sijaihitaji, nikautafuta kwa kucha.

Fundo lilikuwa moja. Nimeliangalia kutoka pande zote mbili.